Pacha Asiyetetemeka

Kizuizi cha reli kilikuwa kinashuka.

Toyota nyeupe ikapita chini yake kwa kujibana, ikakwaruzwa paa, ikatokomea upande wa pili.

Shangazi akabana breki. Pikipiki yake ya Honda ikaserereka, ikasimama tairi la mbele likigusa mstari. Juu ya kichwa chake kengele ya kivuko ikaanza kulia. Kengele hiyo ilikuwa na ufa. Vivuko vingine vyote vya mji vilikuwa vimefungwa vipaza sauti vya kisasa. Hiki kimoja, pale kwenye maghala ya matairi, kilisahauliwa na kengele yake ya chuma, nayo ililia kama sufuria lililopasuka linalogongwa kwa mwiko.

Treni ya mizigo ikaingia. Behewa, behewa, behewa.

Mtu mwingine angetukana. Shangazi alizima injini, akakaza mtandio, akangoja. Barabara ile haikuwa na pa kuchepukia. Iliishia kwenye jengo la kuegesha magari la hospitali kuu, na dereva wa Toyota, mtu mwenye mkoba wa bluu, alikuwa anakimbilia ndani ya chupa.

Kwenye idara ya usalama alikofanya kazi wote walimwita Shangazi, kuanzia Mkuu hadi mfagiaji. Alikuwa na umri wa kuitwa hivyo, na mwili, na sandali za kuitwa hivyo. Watu walimpisha kwenye foleni bila kujua wanampisha nani. Duniani alikuwako mtu mmoja tu aliyekuwa na haki ya jina hilo kwa damu, na asubuhi ile hakuwa kichwani mwake.

Bado.

Alimkuta huyo Tarishi ghorofa ya tatu, nyuma ya nguzo, mkoba ameukumbatia kama kichanga.

"Mama, umenifananisha," Tarishi akasema.

"Huenda. Macho yangu siku hizi si ya kutegemea. Hebu sogea kwenye mwanga."

Akasogea. Watu wenye adabu ndio rahisi kuwakamata.

Shangazi alimshika kifundo cha mkono, akakiweka kwenye fremu ya mlango wa gari, akaufunga mlango.

Yowe likazunguka ghorofa nzima likitafuta pa kutokea.

"Mkobani mna nini, mwanangu?"

Mlikuwa na kidubwasha cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye antena fupi kama ukucha. Tarishi alieleza kwa kwikwi. Kompyuta za mtambo wa mionzi wa hospitali hazikuunganishwa na mtandao wowote wa nje. Kidubwasha kile kikichomekwa, mtu aliye mbali angeweza kuuamrisha mtambo atakavyo. Leo alasiri. Akishalazwa kitandani yule shahidi wa kesi ya silaha.

"Nani anakichomeka?"

"Kijana wa programu. Wanamwita Pacha."

Chini kabisa mtu alipiga honi, akanyamaza.

"Rudia."

"Pacha. Amelelewa na shangazi yake, sijui—"

Mlango ukafungwa tena. Safari hii ulikuwa mkono wa pili, na Tarishi alikuwa ameshajibu kila kitu.

Kidole gumba kimoja alimwachia, kwa sababu Samsung yake ilikihitaji ili ifunguke. Shangazi akakibandika kwenye kioo, akaandika: Mzigo umefika. Akautuma ujumbe kwa mabwana zake. Kisha akamkunja mwenye simu ndani ya buti ya Toyota, akafunga, akapiga simu yake.

"Sema," Mkuu akaitika.

"Kifaa ninacho. Tarishi yuko kwenye buti."

"Mzima?"

"Isipokuwa mikono."

"Mpokeaji?"

"Mtoto wa marehemu kaka yangu."



"Yule uliyemlea?"

"Nina mwingine?"

Mkuu alikohoa. Hakuwa mtu wa kukohoa bure. "Shahidi anatoa ushahidi wiki ijayo. Amefunga makontena ya yule Mgeni, muuza silaha anayemwinda, kwa mikono yake, anajua kila bandari. Tukizuia leo, Mgeni ataondoka, na kesho atarudi na risasi. Akifaulu leo, atauza ujanja huu kwa kila muuaji mwenye adui hospitalini. Namtaka. Namtaka kidole kikiwa kwenye kitufe."

"Na mtu wetu kitandani?"

"Huyo umlinde wewe."

"Na mpwa wangu?"

"Akikataa, mmalize. Akikubali, mtumie."

"Halafu?"

"Halafu mmalize. Sitaki kesi yenye mdomo."

"Nimekusikia."

Hakusema amekubali. Lakini Mkuu alikuwa na haraka, na watu wenye haraka hawasikii tofauti.

Mtambo wenyewe ulilala chini ya hospitali. Lilikuwa bomba lililojikunja duara, limezungukwa na sumaku nzito, na ndani yake chembe ndogo kuliko vumbi, ambazo wenyewe huziita protoni, zilizungushwa mpaka zipite nusu ya mwendo wa nuru. Kisha ziliachiwa kwa mwale mmoja mwembamba kama sindano, uingie kwenye uvimbe, uuchome, usiguse nyama ya jirani. Uvimbe wa Shahidi ulikuwa nyuma ya jicho. Sumaku zikipotoka kwa unene wa ukucha, sindano inakula ubongo.

Sumaku haziendi zenyewe. Zinaongozwa na programu, na programu zile zilikuwa kazi ya kampuni ndogo iliyopewa chumba cha chini: kuziandika, kuzitibu zikiugua, na kuzijaribu. Amri mpya haikugusa mtambo kabla haijagusa pacha. Pacha hakuwa na chuma wala sumaku. Alikuwa hesabu tupu ndani ya kompyuta, mtambo wa kuigiza, unaotenda kila kitendwacho na mtambo wa kweli bila kuchoma mtu. Kijana aliyemjenga alimpenda hadi watu wakambandika na yeye jina hilohilo.

Alasiri, mlinzi wa mlangoni alipomwona Shangazi na hotipoti yake ya ghorofa mbili, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, Shangazi. Leo umetuletea nini?"

"Marahaba. Nimemletea mtu asiyejua kula mpaka akumbushwe."

"Na sisi tunaokumbuka je?"

"Nyie mna wake."

Mlinzi akacheka, akafungua geti. Hotipoti haikupekuliwa. Hata siku moja haikupekuliwa.

Chumba cha chini kilikuwa baridi kama duka la nyama. Pacha alikaa mbele ya skrini mbili, amevaa sweta la kijivu alilonunuliwa na Shangazi, viwiko vimechakaa. Skrini ya kulia ilikuwa na ukanda mwekundu juu: mtambo. Ya kushoto, ukanda wa kijani: pacha. Ukanda ule ulikuwa sheria ya chumba. Mtu akichanganya rangi, amemwaga unga.

"Shikamoo, Shangazi," akasema bila kugeuka. Aliujua mwendo wake. "Leo umewahi."

"Marahaba. Chakula kiliiva mapema."

Akaiweka hotipoti mezani, akafungua ghorofa ya juu.

Juu ya kitambaa safi kililala kidubwasha cheusi.

Pacha alikitazama kwa muda mrefu. Rangi ikamtoka usoni taratibu, kama maji yanayoshuka kwenye ndoo iliyotoboka.

"Umekitoa wapi?"

"Kwa mtu aliyekuwa na mikono."

"Shangazi. Si uliniambia wewe ni mkaguzi wa shule?"

"Ninakagua."

Akavuta kiti, akaketi. Alikuwa amemketisha hivyo mara nyingi, kwa kioo kilichovunjika, kwa mtihani ulioibwa. Alijua hahitaji kupaza sauti. Anahitaji kungoja tu.

"Walisema kitanda kitakuwa kitupu," Pacha akaanza. "Majaribio tu. Kuonyesha kwamba inawezekana."

"Kumwonyesha nani?"

"Mtu anayejua kazi. Humu ndani mimi ni fundi wa kivuli. Nimemjenga pacha kwa miaka, wao wanapiga picha na mtambo. Profesa alimtazama pacha wangu mara moja, akasema hajaona kitu safi kama kile maisha yake yote."

"Profesa yupi?"

"Aliendesha mtambo huu zamani, kabla hawajamfukuza. Sasa anafanya kazi na mgeni mmoja."

Shangazi alielekeza kidevu kwenye kioo cha ukutani. Nyuma yake ilionekana taa ya njano juu ya mlango mzito. Iliwaka pale tu mtu alipokuwa amelazwa chini ya mwale.

"Taa ile. Jana alasiri iliwaka?"

"Iliwaka."

"Juzi?"

"Iliwaka."

"Na hapo ulipoambiwa kitanda kitakuwa kitupu, uliitazama?"

Pacha akainamisha kichwa. Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo. Kisichompendeza hakitazami, kisha huapa hakukiona.

Na taa ilikuwa imeshawaka.

"Sikiliza," Shangazi akasema. "Kichomeke. Amri zao zielekeze kwa pacha, zisiguse mtambo. Inawezekana?"

"Inawezekana. Nikiwaondolea ukanda wa kijani, watadhani wako kwenye mtambo."

"Fanya."

"Nikifanya, itakuwaje?"

"Utanawa mikono, utakula, tutarudi nyumbani."

"Kweli?"

"Nimewahi kukuahidi kitu nisitimize?"

Hakuwahi. Ndiyo maana uongo ule ulifanya kazi vizuri. Ulikuwa mpya kabisa, haujavaliwa hata siku moja.

Simu ya mezani ililia kidubwasha kilipochomekwa na kuwasha kitaa chake. Pacha akaifungulia kipaza sauti.

"Kijana wangu," sauti ikasema, laini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa darasani. "Tumeingia. Naziona sumaku zako. Zinapendeza."

"Karibu, Profesa."

"Mgeni wetu yuko hapa amekodoa macho kama mtoto aliyepelekwa sarakasi. Tutakwenda polepole, aone kila kitu."

Kulia, chini ya ukanda mwekundu, mtambo wa kweli ulikuwa unamtibu Shahidi. Madaktari wa juu hawakujua lolote. Kushoto, pacha alikuwa anaigiza vilevile: kichwa kilichochorwa kwa mistari, mwale mwembamba ukiingia nyuma ya jicho. Profesa alikuwa anaona cha kushoto.

Mambo yalikwenda kama siagi kwenye chungu cha moto.

Ndipo, ndani ya simu, kengele ikalia.

Shangazi akainua kichwa. Sufuria lililopasuka. Mwiko.

Nyuma ya kengele ukaja mngurumo mzito, chuma juu ya chuma. Kwenye skrini ya kulia mstari wa mwale ukaanza kutetemeka, kidogokidogo, kama uzi wa gitaa uliocharazwa. Mtambo ulikuwa na kirekebishi chake cha kuyameza matetemeko hayo kabla hayajamfikia mgonjwa, lakini kwenye mstari yalionekana wazi.

Kushoto, mstari ulinyooka kama rula.

"Kijana," Profesa akaita.

"Naam."

"Treni inanipita hapa dirishani. Hiyo ni treni ya umeme. Umeme wake unavuja relini, unapita ardhini, unazigusa sumaku. Nimenywa chai miaka mingi nikitazama mwale ukitetemeka. Mbona leo umenyooka?"



Waendeshaji wa mtambo walikuwa wamemwomba Pacha. Walimwomba mwaka baada ya mwaka: tutilie na treni kwenye pacha, mafunzo yawe ya kweli. Alikataa. Huo ni uchafu, aliwaambia, si fizikia. Pacha wangu hatetemeki. Alijivunia jambo hilo mezani, mdomo umejaa, na Shangazi alikuwa anamsikiliza na kumwongezea mchuzi.

Sasa Shangazi alitoa bastola yake ya Glock chini ya mtandio, akaiweka nyuma ya shingo ya mpwa wake. Hakukusudia kumtisha. Alitaka tu akumbuke alipo.

"Kijana?"

Vidole vya Pacha vikaanza kukimbia. Alichota tetemeko la kulia, akalimimina kushoto, jinsi lilivyo, bila kulisafisha. Jasho likamdondokea kwenye kibodi.

Mstari wa kijani ukatetemeka.

"Kichujio, Profesa," akasema. Sauti yake haikuvunjika. "Nilisahau kukitoa. Si unatujua sisi."

Simuni, treni iliendelea kupita. Behewa, behewa, behewa.

Kisha Profesa akacheka. "Nyie watu wa programu. Mkipewa bahari, mtaichuja."

Shangazi akarudisha pumzi yake mahali pake. Aliacha simu yake ndogo mezani, wazi, impelekee sauti za chumba, akapachika kisikilizi sikioni. Akaziba maikrofoni ya simu ya mezani kwa kidole.

"Wacheleweshe," akanong'ona. "Buni kizuizi chochote."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye hiyo treni."

Akaifunga hotipoti, akachomoa ghorofa yake ya chini, akaiweka kwenye mapaja ya Pacha. Ilikuwa ya moto kidogo.

"Humu mna kitu kisichopenda kutikiswa. Kaa kitako. Ukiinuka, utainuka vipandevipande."

Pacha akatazama chuma kile kwenye mapaja yake, kisha akamtazama mwanamke aliyemfunga kamba za viatu vya kwanza.

"Ungeniomba tu," akasema. "Ningekaa."

"Najua."

Akatoka.

Honda ikanguruma kuelekea reli.

"Shangazi kwa Mkuu."

"Nakusoma."

"Kivuko chenye kengele ya ufa, kwenye maghala ya matairi. Wako juu, dirisha linatazama reli."

"Kikosi kinaondoka. Wangoje."

"Kitakuja kufuta sakafu."

Ghala moja tu lilikuwa na ghorofa upande wa reli. Mlinzi wao alisimama mlangoni, kijana mnene, bastola imetuna kiunoni chini ya ovaroli.

"Mama, tumefunga."

"Nataka tairi la pikipiki."

"Nimesema tumefunga. Huna masikio?"

"Ninayo. Mguu je, unao?"

Alipoangalia chini, sandali ya Shangazi ilikuwa tayari kwenye goti lake. Goti likageukia upande lisikoumbwa kugeukia. Akaanguka kwenye mnara wa matairi ya lori, Shangazi akausukuma mnara kwa bega, na matairi yakamlalia moja baada ya jingine. La tatu lilimnyamazisha.

Ngazi ya mbao. Akavua sandali.

Kadiri alivyopanda, sauti ya Profesa ilimjia mara mbili: sikioni kutoka simuni, na mbele yake kutoka nyuma ya mlango.

"Bado kikomo cha usalama, Profesa," Pacha alikuwa anasema sikioni. "Kinafunguka kwa hatua. Mtambo ni mzee."

"Mzee kama mimi," Profesa akasema, mara mbili. "Haya, naona kimefunguka. Mgeni wetu, kitufe ni chako."

Shangazi akashika kitasa. Kishikizo cha mtandio wake, shaba ndogo iliyochorwa ua, kilikuwa kamera na maikrofoni. Akakielekeza kwenye ufa wa mlango. Angeweza kuingia sasa hivi. Lakini Mkuu alitaka kidole kwenye kitufe.

"Atahisi?" sauti nyingine ikauliza, Kiswahili cha kujifunzia ukubwani.

"Mwanzoni," Profesa akajibu.

"Vizuri."

Kidole kikashuka.

Kwenye kompyuta ya mezani, kichwa cha mistari kikageuka njano, kikageuka chekundu, kikawa cheusi kabisa kama mkaa. Mgeni alisogeza uso karibu ili asikose kitu.

"Ameiva," Profesa akasema, akaikata simu.

"Na kijana?"

"Kijana ana gari bovu. Kesho breki zitamkatalia mtelemkoni. Nani atashangaa?"

Sikioni mwa Shangazi pumzi ya mtu ilikatika.

Pacha alikuwa amesikia kupitia kishikizo. Ni vizuri, Shangazi aliwaza. Kuna mambo lazima mtu ayasikie mwenyewe.

Akafungua mlango.

"Hodi."

Walikuwa wawili, meza moja, kompyuta moja, vikombe viwili. Profesa alikuwa na nywele nyeupe zilizochanwa vizuri. Mgeni alivaa glovu nyembamba za ngozi. Ya kulia alikuwa ameivua, ili akibonye kitufe kwa ngozi yake mwenyewe.

"Wewe nani?" Profesa akauliza.

"Shangazi yake kijana."

Mkono wa Mgeni ukaruka kwenye koti. Beretta ikatoka nusu.

Glock ikakohoa.

Kidole kilichobonyeza kitufe ndicho kilichoondoka. Mgeni alibaki anakitafuta kwa macho mezani, kana kwamba kikipatikana kitarudishwa. Risasi ya pili ilimpiga goti, ili asikitafute mbali.

"Mimi ni mwalimu," Profesa akasema, mikono juu. "Sijawahi kushika bunduki."

"Naona. Geuza hiyo kompyuta, unitazamie kitu." Kisha akasema na kishikizo: "Pacha. Mrudishe."

Kichwa cheusi kikapauka. Kikawa cheupe. Mwale mwembamba ukaanza upya, mtulivu, kana kwamba hakikutokea kitu.

"Umeua hesabu," Shangazi akasema. "Shahidi anafunga vifungo vya shati sasa hivi."

Profesa alitazama skrini. Kilichomuuma, ilionekana, hakikuwa bastola.

"Lakini mwale ulitetemeka."

"Tetemeko lilichelewa. Ulisikia treni kabla, ukaona mwale baada. Ukacheka mwenyewe, mtu mzima."

"Nilitaka kuamini," akasema taratibu. "Alikuwa mwanafunzi mzuri."

"Alikuwa. Pacha akiharibika, anarudishwa mwanzo. Wewe je?"

Mkuu alikuwa amemtaka Mgeni. Profesa hakutajwa.

Glock ikakohoa tena.

Chini, kikosi kilikuwa kinaanza kuinua matairi.

Alirudi hospitali bila kuvuka taa nyekundu hata moja. Maofisa wawili walikuwa wanamngoja kwenye korido, mgongo ukutani. Shahidi alipita akisindikizwa, bandeji jichoni, anamlalamikia nesi kuhusu baridi ya kitanda. Hakumtazama mama aliyesimama pembeni. Hakuwa na sababu.

"Shangazi," Mkuu akasema sikioni. "Mgeni tunaye. Mpwa wako?"

"Bado yupo."

"Nilikuagiza."

"Nilikusikia. Mweke ndani, peke yake, bila kesi. Mdomo wake hautafika popote."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nife mimi. Halafu mpaka afe yeye."

"Umemwonea huruma."

"Hapana. Kufa ni jambo la dakika."

Akavua kisikilizi, akakitia mfukoni, akaingia.

Pacha alikuwa amekaa vilevile. Hotipoti mapajani, mikono hewani, sweta limelowa mgongo mzima. Ukanda mwekundu ulikuwa umetulia. Wa kijani pia.

"Shangazi, miguu imekufa ganzi."

Akamwondolea chuma mapajani. Akakifungua.

Mvuke ukapanda. Kilikuwa chakula. Nyama ilikuwa upande wake, mchuzi upande wake, na kijiko kimefungwa kwenye kitambaa kama kawaida.

Pacha alikitazama. Akaanza kucheka, kicheko chembamba, kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa kiwiko kilichochakaa.

"Kilikuwa chakula."

"Tangu mwanzo."

"Nimesikia habari ya breki." Akameza mate. "Asante kwa kuwahi."

 Shangazi alichukua jagi la maji juu ya kabati na beseni la plastiki walilokuwa wakikingia kiyoyozi kinachovuja. Akaviweka mezani.

"Lete mikono."

Akaileta yote miwili, viganja juu, bila kufikiri, jinsi alivyoileta tangu alipokuwa hafikii bomba. Shangazi akamwagia maji. Akapitisha kidole gumba katikati ya kila kidole, akasugua pale wino unapojificha, akamkausha kwa pindo la mtandio. Hakufanya haraka.

Kisha akamfunga pingu.

Zilitoa sauti ndogo tu, kama kifuniko cha sufuria kinapokaa sawa.

Pacha alitazama pingu. Akatazama chakula. Akamtazama yeye.

"Ulisema nyumbani."

"Nilisema."

"Sasa nitakulaje?"

"Watakulisha."

Maofisa wakaingia. Shangazi akawapisha mlangoni. "Mpeni mpaka amalize," akawaambia. "Anapenda kuacha nyama. Msimkubalie. Hotipoti yangu nataka irudi imeoshwa."

"Shangazi," Pacha akaita nyuma yake. Mara moja tu. Sauti ilikuwa ya yule mtoto wa kioo kilichovunjika.

Alikuwa ameshafika kwenye korido.

Mlinzi wa mlangoni akanyoosha mgongo. "Shangazi, leo amekula?"

"Leo atamaliza."

Akawasha Honda. Akapita barabara ileile, isiyo na pa kuchepukia, na alipofika kwenye maghala kizuizi kilikuwa kinashuka. Kengele ya ufa ikalia. Akazima injini, akaweka mguu chini, akangoja kama mama yeyote anayerudi kwake.

Treni ikaingia. Ardhi ikatetemeka. Kizuizi kikatetemeka, vioo vya pikipiki vikatetemeka, na vioo vya dirisha la ghala, juu, pale watu wa kikosi walipokuwa wanapiga deki.

Mikono yake ilikuwa juu ya usukani.

Haikutetemeka.